Kamba ya Kisima

Mpunga ukishavunwa, mbuga hubaki na vishina vyake
kama kidevu cha mtu asiyenyolewa wiki nzima.
Hapo ndipo ninaposhuka na jembe.
Mwezi wa sita, Uyui. Baridi ya asubuhi
inapanda vidoleni kupitia mpini.

Masika tuta huinuliwa, maji yapite.
Kiangazi tuta huzamishwa, maji yasiende popote.
Nimelichimba kama sinia, kingo juu, tumbo chini,
nikalilisha samadi ya zizi la kina Luhende,
iliyolala tangu Machi hata hainuki tena,
maana samadi mbichi ni hasira:
huunguza kwanza kile ilichokuja kukilea.

Mchicha, figiri, vitunguu vya kuhamishia baadaye.
Juu yake nikatandaza mabua ya mpunga.
Kasanda akacheka: "Shamba nalo unalitandikia godoro?"
Nalitandikia.
Udongo hupigwa baridi usiku, na jua la saa saba halina haya.
Yeye alikuwa akifunga marobota ya tumbaku,
vidole vyeusi kwa utomvu,
anahesabu fedha ambazo hazijafika.

Kisima tulichimba kwa zamu, mimi na Nyanzala.
Juni, kamba ilikuwa pima tatu.
Julai nikaunga gunia nililolisokota.
Agosti, ukanda wa kitenge changu cha maua ya njano.
Septemba ndoo ikagonga hewa,
nikafungua sanduku
nikatoa tai ya harusi ya Kasanda.
Alikuwa Urambo, kwenye mizani.
Hajaiulizia mpaka leo.

Vidukari walikuja: majivu.
Mchwa walikuja kula godoro: nikawaacha,
wakishiba mabua hawana njaa ya miche.
Mbuzi wa Luhende alikuja: bonge la udongo,
na neno ambalo sitaliandika hapa.
Usiku msitu ukiwaka ng'ambo ya reli
masizi yalituangukia kimya kimya,
na alfajiri nilisafisha figiri jani kwa jani
kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya shule.
Nyumba nyingine zilikuwa zinaloweka nsansa,
zinatafuna michembe.
Sisi tulikuwa na kijani, na kijani kina wivu wake.

Basi nilipokuta ukingo wa kisima umelowa kabla sijafika,
siku moja, siku mbili, siku ya tatu,
yale maji yaliyojikusanya usiku kucha tone kwa tone
yameshachotwa,
niliwahesabu majirani wote kwa majina, na nikawahukumu.

Nikalala bustanini, blanketi juu, mabua chini
(godoro lile lile), fimbo kando.
Saa kumi usiku, mwezi umebaki kipande cha kitunguu,
akaja Tungu, binti wa Nyanzala, miaka tisa.
Alilala kwa tumbo ukingoni, miguu yote miwili hewani.
Mikono yake ilimaliza kamba
kabla kamba haijamaliza kisima.
Mama yake alikuwa na homa siku ya nne.
Vitunguu vyao, nilikuwa nimeviona mwenyewe,
vilikuwa vimeanza kukunja shingo.

Sikukohoa.
Niliishika pumzi yangu kama mtu anayeshika ndoo ya mwenzake,
mpaka ile miguu ikarudi chini.
Akaenda na nusu ndoo, akimwaga nyingine njiani.

Kulipokucha nilivua kilemba nikakichana.
Fundo la nne. Nikaning'inia juu yake kwa uzito wangu wote,
halafu nikamwagilia kilichobaki kumwagiliwa.

Mchana nilimpelekea Nyanzala figiri na uji.
Tuliongea bei ya vitunguu, tukaongea mawingu
yanayopita kuelekea kwa watu wengine.
"Nasikia kisima kimeshuka," akasema, anatazama ukuta.
"Kimeshuka," nikasema. "Lakini kamba inafika."

Kuku wake alikuwa ameshaingia ndani,
anadonoa figiri.
Hakuna aliyemfukuza.